Mto wa Chini ya Goti

9 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekaa mlangoni pa duka lako la mito na magodoro, miwani iko juu ya paji la uso na wewe unaitafuta. Mimi sijambo, ila ni sijambo ya mtu aliyelala chali, kwa hiyo kaa vizuri kabla hujaendelea.

Mwezi uliopita nilikuandikia kwamba nimeteguka goti kazini. Nilikupunguzia habari, nisamehe. Nilikuwa nateremka kwenye nguzo, nimebakiza hatua moja kufika chini, mguu wa kushoto ukaingia kwenye kishimo huku mwili umeshageuka kumjibu Koleo. Koleo ni yule mwenzangu wa zamu, tunamwita hivyo kwa sababu akishika neno haliachii. Goti likalia ko! Yeye alikuwa juu kwenye nguzo ya pili na alilisikia. Miaka kumi na mmoja nakwea nguzo za umeme sijaanguka hata mara moja, nimekuja kuangushwa na kishimo cha kuku.

Daktari alisema kano la ndani ya goti, lile linaloshikilia paja na muundi visiachane, limekatika kabisa na halitajiunga lenyewe. Tarehe sita wamenipasua. Wamechukua kipande cha kano nyuma ya paja langu mwenyewe, wakakigeuza kuwa kano jipya na kukipigilia ndani. Kumbe na wao ni mafundi viraka kama wewe, wanakata huku wanashona kule.

Sasa niko chumbani kwangu, ghorofa ya pili. Koleo na mwenzake walinipandisha ngazi kwenye kiti kama bibi harusi, wakigombana njia nzima nani anainua zaidi. Chooni ni hatua ishirini na mbili za magongo, nimezihesabu. Goti limevimba mpaka limepoteza sura. Dirishani naiona nguzo tuliyoisimamisha mwaka jana, na nikichoka kutazama dari natazama hiyo.

Tarehe ishirini Machi, wiki sita kamili, daktari atanipima. Mguu ukinyooka, naendelea na mazoezi na kabla mwaka haujaisha narudi nguzoni. Ukigoma, wanafungua goti mara ya pili. Na msimamizi ameniambia, bila ubaya wowote, kwamba fundi asiyeweza kusimama sawasawa juu ya nguzo atakwenda kugawa glovu stoo. Baba, unanijua. Stoo nitanyauka.

Lakini usihofu. Walinipa karatasi ya mazoezi nikiwa bado na usingizi wa dawa, nimeiweka mahali pazuri, chini ya birika. Na zaidi ya hayo ninao ule mto wa sufi ulionipa siku nilipotoka nyumbani. Nimeuweka chini ya goti, mchana na usiku, kama nilivyokuwa nakuwekea wewe nilipokuwa mdogo. Goti likikunjika juu yake, maumivu yanashuka papo hapo. Uuguzi niliusomea kwako, baba, na cheti ninacho.

Ningekupigia simu, lakini najua simu inakupigia mluzi tu tangu mashine ya kuchambua pamba ikule masikio. Usije. Ngazi za hapa ni thelathini na mbili, na mguu wako naujua.

Mwanao anayekupenda,
Sindano


13 Februari

Mwanangu Sindano,

Toa huo mto chini ya goti. Utoe kabla hujafika mstari wa pili, halafu ndiyo tusalimiane.

Umeutoa? Haya, marahaba. Mimi mzima, mguu hauumi. Shangazi yako naye mzima, amelia kuanzia salamu mpaka sahihi.

Sasa nisikilize. Mto usikae chini ya goti hata dakika moja, hata goti likubembeleze vipi. Kama lazima utumie mto, uweke chini ya kisigino, goti libaki halina kitu, lishuke lenyewe kwa uzito wake. Litauma. Acha liume. Mambo haya nimeyasikia redioni, kulikuwa na daktari anazungumza.

Na hiyo karatasi itoe chini ya birika uisome. Sikukusomesha ili birika lipate pa kukaa.

Nina hasira nawe. Mtoto anapasuliwa, mzazi anapewa habari mishono imeshakauka! Lakini hasira nimeiweka kabatini, tutaitoa ukipona. Niandikie mara moja kwamba umeutoa mto. Nasubiri neno hilo tu.

Baba yako


20 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo kwa shangazi. Mimi sijambo kidogo. Wametoa nyuzi, kidonda kimefunga vizuri, naweza kukanyaga nikiwa na magongo yote mawili.

Nianze na kuungama. Barua yako niliipata tarehe kumi na sita na ilinikera. Nilisema moyoni, mzee anaijua mito lakini hospitali haijui. Mto sikuutoa. Nilikaa nao siku tatu zaidi, na niliukumbatia kwa goti makusudi.

Jana ndiyo nilikwenda kliniki ya mazoezi. Yupo mama mmoja pale, mfupi, mikono kama ya mtu anayekanda unga tangu azaliwe. Wagonjwa wanamwita Dada Nyoosha. Alinilaza, akaweka kwenye goti langu kipimo cha pembe, kama kile cha hesabu tulichotumia shuleni ila kirefu. Akasoma, akasoma tena. Digrii kumi na tano zimepungua. Maana yake mguu hauendi chini, Baba. Nikiulaza kitandani, mkono wangu unapita wote chini ya goti.

Akauliza, "Mto nani amekupa?" Hakuuliza kama nina mto. Aliuliza nani.

Nikatazama dari kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Akasema mto chini ya goti ni raha ya siku mbili, baada ya hapo nyama za ndani zinaganda palepale zilipokunjwa. Akasema anawajua wazee ambao hawakuvunjika mahali popote, walibembelezwa tu, na mpaka leo kisigino hakigusi chini. Kisha akaushika mguu wangu akaukandamiza, nami nikapiga kelele mpaka watu wa foleni nje wakatulia.

Lakini si kelele za goti tu. Nilikuwa nawaza kisigino chako.

Naandika polepole hapa, unisamehe mwandiko. Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa ametutoka, marobota ya pamba yakakuangukia, ukaletwa nyumbani na plasta, na plasta ilipotoka mimi ndiye niliyekushonea mto. Nilikuwekea kila asubuhi kabla ya shule na nikirudi nilikuta uko palepale, nikaupiga-piga, nikauweka upya. Miezi mingapi ile, Baba? Shangazi alikuwa akiniita mbele ya wageni, anasema, "Haka kasichana ndiko kalikomuuguza baba yake." Nimekua na sifa hiyo. Nimeitumia hata kwako, juzi tu, kwenye barua.

Na wewe umetembea miaka ishirini na saba kwa mguu uliokunjika, kiatu cha kushoto kina soli ya vidole vitatu, watu mtaani wanakuita Hatua na Nusu na wewe unaitikia.

Kwa hiyo nakuuliza. Redio gani, Baba? Redio uliigawa miaka mitano iliyopita. Ulisema siku hizi haisemi, inanong'ona. Nani alikuambia habari za mto na kisigino, na alikuambia lini?

Mguu wako niliupinda mimi?

Mwanao,
Sindano


26 Februari

Mwanangu Sindano,

Marahaba. Mimi mzima, mguu hauumi. Barua yako nimeipata na nimefurahi sana nyuzi zimetoka.

Hapa kazi ni nyingi. Sufi ya safari hii ni safi, haina mbegu, ukiishika haijijui kama imeshikwa. Yule mchomeleaji wa jirani ameleta godoro la wakwe zake, limejaa mashimo, nikamwambia godoro hili halihitaji fundi linahitaji dua. Shangazi yako ameanza kuvaa miwani yangu, sasa tunaitafuta wawili.

Digrii kumi na tano si nyingi. Msikilize huyo mama wa kliniki. Mtu anayekuumiza kwa faida yako usimkimbie. Kisigino juu ya mto, goti wazi, dakika kumi, mara nyingi kwa siku. Kaza paja ukilala. Usiruke hata siku moja, wiki hizi za kwanza ndizo zenyewe, zikipita hazirudi.

Hayo mengine uliyouliza ni mambo ya zamani. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Goti lako ndilo lijalo.

Baba yako


4 Machi

Baba,

Shikamoo. Sijambo.

Umenijibu habari za sufi, za mchomeleaji, za godoro na za miwani. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo nimeusikia.

Wiki hii sijakwenda kliniki. Koleo alikuja na pikipiki kunichukua, nikamwambia nina homa. Akanishika paji la uso, akasema homa hii ni ya uongo, akakaa saa nzima mlangoni, akaondoka. Mara ya mwisho kupimwa zilikuwa zimebaki digrii kumi na moja. Sasa sijui.

Si kwamba nimeamua kitu. Nikiweka kisigino juu na goti likianza kushuka, nakuona unapanda zile ngazi tatu za duka, unashika ukuta, unainua mguu mzima kwa mkono kama mzigo wa mtu mwingine. Natoa kisigino. Naona aibu, mimi ninyooke kwa nguvu zote hivi na mguu niliouharibu bado unapanda ngazi.

Stoo si pabaya sana. Kuna kiti.

Sindano


8 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua hii nimeiandika mara tatu na mbili nimezitia kwenye gunia la pamba chakavu. Hii ya tatu nitaituma hata ikitoka vibaya. Usiisome umesimama.

Niliambiwa na muuguzi, siku ileile ya kutoa plasta. Mwanamume mrefu, meno ya mbele yamepishana, namkumbuka kuliko ninavyowakumbuka ndugu wengine. Alisema, "Mzee," na mimi nilikuwa na miaka thelathini na minane, "goti hili ukilipa mto litakunjika maisha yako yote. Kisigino juu, goti wazi, uvumilie." Alinionyesha kwa blanketi la hospitali. Nilielewa vizuri sana.

Nikarudi nyumbani. Wewe wakati ule ulikuwa husemi. Labda umesahau, na mimi sikutaka ukumbuke. Tangu tumzike mama yako ulikuwa umefunga mdomo, siku ishirini na sita. Ulikula ulipolishwa. Shuleni walikurudisha. Shangazi yako alikuwa anakuimbia, anakutania, anakufinya, hakuna. Nilikuwa nikilala na plasta yangu nawaza, nimempoteza mmoja na wa pili ananiponyoka nikiwa nimelala hapa kama gogo.

Siku hiyo nimefika, nimelazwa kitandani, ukaja umebeba kitu mgongoni. Ulikuwa umechukua gauni la mama yako, lile la mistari ya buluu, umelikata na mkasi wangu mkubwa, umelishona kwa mkono, umejaza sufi uliyookota sakafuni dukani, vumbi na mbegu zake. Mishono imekwenda kama kuku amekimbia juu yake. Ukainua mguu wangu, ukaingiza mto, ukanitazama usoni. Ukasema, "Sasa hauumi?"

Ndilo neno lako la kwanza baada ya siku ishirini na sita.

Nikasema, "Hauumi."

Ungefanya nini wewe, Sindano? Ningekuambia nini? Utoe, ni sumu huo? Ulianza kucheka. Ulimwita shangazi yako aje umwonyeshe. Ulikula mwenyewe siku hiyo, ukaomba kuongezewa. Na kesho yake asubuhi ukaja tena, ukauliza tena, nikajibu tena.

Sasa sikiliza na sehemu ya pili, maana ukinisoma nusu utanifanya mtakatifu na mimi si mtakatifu. Ulipokwenda shule nilikuwa nautoa. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Niliweka kisigino juu ya kigoda na kunyoosha kama muuguzi alivyosema. Nililia, shangazi yako ni shahidi. Nikisikia viatu vyako nje naurudisha haraka. Siku ya nne niliuacha palepale. Nilijiambia nauacha kwa ajili yako. Uongo. Niliuacha kwa sababu ulikuwa mtamu. Mto wako ulinipa raha na mimi nilikuwa mtu aliyechoka, nimefiwa, sikutaka kuumia tena hata kidogo. Nilisema nitaanza wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa mwezi, na siku niliyoamua kweli kunyoosha, goti lilikuwa limeshafunga mlango.

Wewe ulikuwa na miaka tisa. Mimi nilikuwa na thelathini na minane, na nilikuwa nimeambiwa. Mguu huu niliupinda mimi, kwa hiari yangu, nikapewa mtoto anayesema. Sijawahi kuujutia. Nimeukasirikia siku za mvua, lakini kuujutia hapana. Nilichojutia ni kimoja tu, kukuacha ukue unaamini mto chini ya goti ni dawa. Nilisema nani atakuja kuvunjika goti katika nyumba hii mara ya pili. Uliponiandikia umeuweka mchana na usiku, na cheti unacho, nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Hapo ndipo redio ilipoanza kusema.

Mwanangu, fikiria vizuri unachofanya. Mimi nilitoa mguu wangu ili unyanyuke. Ukiacha na wako upinde kwa ajili ya kunionea huruma, basi wangu umepinda bure, na tutakuwa vilema wawili wanaosalimiana kwa posta. Sikukuomba fidia. Kama unaona una deni nami, lilipe kwa kunyooka.

Nimekuwekea kifurushi. Ni ule mto wenyewe. Nilikuwa nao kabatini, chini ya mashati. Sufi imelala, imekuwa ngumu, haifai tena kwa kichwa wala kwa goti, lakini kisigino kitakaa vizuri sana. Uweke huko. Nenda kliniki. Bado siku kumi na mbili.

Baba yako


20 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sijambo, na leo ni sijambo ya mtu aliyeketi.

Kifurushi kilifika tarehe kumi na mbili pamoja na barua. Nilisoma barua, nikaukasirikia mto, nikakukasirikia wewe. Siku nzima. Nilikuwa nasema peke yangu, kwa nini hakuniambia nikiwa na miaka kumi na tano, ishirini, thelathini, angeniambia tu mezani. Halafu nikaushika mto. Mistari ya buluu imefifia lakini ipo. Pale pembeni kuna mshono mmoja nilioupita juu mara saba au nane, nakumbuka uzi ulikuwa unakatika na mimi nakaza. Sikukumbuka kwamba nilikuwa sisemi. Mpaka niliposhika ule mshono. Nimelia, Baba, nimeyamaliza machozi.

Kesho yake nilimtumia Koleo ujumbe: homa imepona. Alifika kabla sijapata viatu. Tangu siku hiyo anakuja kila jioni akitoka kazini, anakaa kwenye kiti na saa mkononi kama mwamuzi. Mimi naweka kisigino juu ya mto wako, yeye anahesabu dakika kumi, na nikisema nimechoka anajifanya hasikii. Nilimwambia unafanana na baba yangu. Dada Nyoosha alinigombeza kwa wiki niliyopoteza mpaka akaishiwa, kisha akanikandamiza, nami sikupiga kelele. Nilisaga meno tu. Nilipomwonyesha mto aliugeuza-geuza mkononi, akauliza, "Huu nao nani amekupa?" Nikamwambia ni baba, kama ule wa kwanza, ila huu umehamishwa kituo.

Leo nimepimwa. Zimebaki digrii nne. Daktari amesema hizo zitakwisha zenyewe nikiendelea hivi, na goti halifunguliwi tena. Nikilala mkono haupiti tena chini ya goti. Msimamizi amepewa karatasi, jina langu limebaki kwenye zamu ya nguzo. Nitachelewa, lakini limebaki.

Sasa mimi nina ombi, na nimelifikiria sana. Tangu nianze kusoma, kila barua yako inaanza na "mimi mzima, mguu hauumi." Nimezitoa zote kwenye sanduku nikazipanga kitandani. Kila moja, Baba. Uliyonitumia nikiwa bweni, uliyonitumia nilipopata kazi, ya mwezi uliopita. Barua yako ya tarehe nane tu ndiyo haina neno hilo.

Sina miaka tisa tena. Ukiniambia sitanyamaza, naahidi. Kwa hiyo nakuuliza kama nilivyokuuliza siku ile, lakini safari hii nijibu mimi, usimjibu yule mtoto.

Mguu unauma?

Mwanao,
Sindano


26 Machi

Mwanangu Sindano,

Marahaba. Digrii nne! Shangazi yako ameimba mpaka mchomeleaji amezima mashine yake kuja kuuliza nani anaolewa.

Mimi mzima. Mguu unauma.

Unauma asubuhi ninapotoka kitandani, unauma kwenye ngazi ya tatu, na siku za mvua unauma mpaka kiunoni. Nimeliandika neno hilo halafu nimeweka kalamu chini. Sikujua kwamba lilikuwa zito hivyo.

Daktari akikuruhusu kupanda basi, njoo uutazame. Mimi nitakuwa mlangoni.

Baba yako